Mlio wa kurudi nyuma ni wa nani?

Gereji za Lubumbashi hazikosi mwenye gari anayesema: "Fundi, unikatie hii makelele." Akiingiza R tu, yaani gia ya kurudi nyuma, gari linaanza tii, tii, tii. Mtoto amelala kiti cha nyuma, na jirani wa lupango (kiwanja chenye nyumba) ya pili ameshalalamika kwamba saa kumi na moja alfajiri si saa ya kengele. Ombi lake lina haki. Ila kabla koleo halijatoka kwenye sanduku, fundi angeuliza kwanza: mlio upi?

Maana iko mitatu, na watu huichanganya. Wa kwanza hulia ndani tu, kumkumbusha dereva kwamba gia iko R. Toyota Prius inajulikana sana kwa huo. Unalia muda wote gari likiwa R, na aliyesimama nje hasikii kitu. Wa pili ni wa sensa za bampa, unaoharakisha kadiri unavyokaribia ukuta hadi unakuwa sauti moja isiyokatika. Wa tatu umefungwa nje, hasa kwenye malori. Huo wa nje ulianzia Japani, kampuni ya Yamaguchi Electric ilipoutoa mwaka 1963, na malori mengine ya mtumba yanayofika kwetu bado yanawatahadharisha watu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwa sauti ya mwanamke, kwa Kijapani. Hakuna anayeelewa maneno, lakini kila mtu anasogea.

Wa kwanza, mimi sina shida nao. Unyamazishwe. Kwenye Prius unaweza kupunguzwa hadi tii moja tu kwa kubadili mipangilio ya gari, bila kukata hata waya mmoja.

Wa pili ndio wenye mambo. Sensa ni vile vidude vya duara, mara nyingi vinne, kwenye bampa la nyuma. Hutoa sauti ambayo sikio la mtu haliipati, kisha husubiri mwangwi. Muda wa kwenda na kurudi ndio unaopima umbali. Kiangazi chote barabara zisizo na lami zinazifunika kwa vumbi jekundu, halafu mvua ya kwanza inaligeuza vumbi hilo kuwa matope yanayoganda. Sensa iliyobandikwa tope huona kitu kiko puani pake, nayo inapiga kelele wakati nyuma hakuna hata kuku. Chuma cha kuvutia trela kilichoongezwa baadaye hufanya vilevile. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kitambaa chenye maji. Kelele ikibaki, weka jiwe nyuma ya tairi, vuta breki ya mkono, washa swichi bila kuwasha injini, ingiza R, halafu gusa kila sensa kwa ncha ya kidole: iliyo hai inatikisika kidogo, tik tik, na iliyokufa imetulia. (Gari la haibridi usilijaribu hivyo, linaweza kuondoka bila injini kunguruma.)

Kukata waya ndiko ninakokupinga. Sensa zilizofungwa baadaye mara nyingi huchukua umeme kwenye waya wa taa nyeupe ya nyuma. Koleo likikosea sehemu, taa na kamera vinakufa pamoja na mlio, na shaba iliyoachwa wazi ikigusa bodi, fyuzi inaungua. Kuchomoa fyuzi nako ni kubahatisha, kwa kuwa fyuzi moja hulisha vitu kadhaa. Magari mengi yaliyotoka kiwandani na sensa yana kitufe chenye herufi P, au sehemu ya kupunguza sauti kwenye skrini. Skrini ikiwa ya Kijapani, kamera ya simu yenye programu ya tafsiri inatosha kukuongoza. Kama hakuna kitufe, fundi achomoe plagi ya spika ndogo ya mlio na kuifunga kwa tepu. Siku ukiuza gari, unairudisha.

Wanaotaka kimya wana hoja nzito kuliko usingizi. Mlio unaodanganya kila siku, dereva anaacha kuusikiliza hata siku unaposema kweli. Tena sensa hazioni kila kitu: nguzo nyembamba huzipita, na nguo humeza sauti, hivyo mama aliyeinama na kitenge chake juu ya beseni la nyanya anaweza kurudisha mwangwi hafifu kuliko ukuta. Dereva anayerudi kwa masikio peke yake amejidanganya.

Hoja hiyo naikubali, lakini haitoshi kunifanya nizime. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari mengi ya Japani yana usukani kulia. Ukitoka kinyumenyume ulipoegesha, umekaa upande wa mfereji, na kona ya kushoto ya nyuma, ambako motari (mwendesha pikipiki) anapita, ndiyo iliyo mbali nawe. Macho yana kazi tele. Sikio lina nafasi. Kamera nayo inadai macho, na Marekani iliilazimisha kwa magari mapya mwaka 2018, Japani ikaanza 2022 kudai kamera au kifaa kingine cha kuonyesha kilicho nyuma. Mengi ya magari yetu yalitengenezwa kabla ya hapo.

Mlio wa tatu sio wa dereva hata kidogo. Ni wa mtoto anayecheza ndani ya lupango, wa kipofu mwenye fimbo, wa kijana anayepakua saruji mgongo ukiwa umelielekea lori. Mwenye lori hana ruhusa yao ya kuuzima, hata kama jirani analalamika. Jirani naye ana haki, na hapo pana njia: ziko honi za kurudia nyuma zinazopima kelele za mahali na kulia juu yake kidogo tu, kwa hiyo usiku hushuka zenyewe. Ziko pia zinazotoa "shhh, shhh" badala ya tii tii. Sauti hiyo haisafiri mbali, na aliye karibu anatambua haraka inatokea wapi. Zinagharimu zaidi. Mpaka utakapoipata, teremsha konvoya (msaidizi wa dereva) asimame pale unapomwona kwenye kioo, na akipotea machoni, kanyaga breki.