Klabu za vitabu haziibi muda wa historia

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani, hasa kutoka Kongo na Burundi, hushtuka mtoto wa darasa la saba au la nane anaporudi nyumbani na kusema kwamba somo la historia wiki hii ni kukaa wanne wanne na kujadili riwaya. Walikosoma wao, historia ilikuwa ubao, daftari na mwalimu aliyesimama mbele. Hawako peke yao. Hata miongoni mwa walimu wa huko wapo wanaoona kwamba klabu za vitabu ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza iliyoingizwa kwenye kipindi kisicho chake, tena katika mada iliyosheheni miaka na majina kama makoloni ya mwanzo ya Waingereza huko Amerika.

Hoja yao kubwa ni muda, na si hoja ya kupuuzwa. Texas, kwa mfano, mwaka mmoja wa darasa la nane hubeba historia ya Marekani tangu makoloni hadi 1877, kisha kuna mtihani wa jimbo. Mwalimu akitoa wiki tatu kwa riwaya, lazima kuna kitu atakipitia mbio. Kundi lililochagua kitabu cha Jamestown, makazi ya Waingereza huko Virginia, litaijua barabara njaa ya majira ya baridi ya 1609 hadi 1610, iliyobakiza hai walowezi 60 hivi, lakini huenda lisijue kwa nini Mwingereza William Penn alipewa koloni la Pennsylvania mwaka 1681, wala kwamba koloni la Georgia lilipiga marufuku utumwa katika miaka yake ya mwanzo kabla ya kuuruhusu mwaka 1751. Kila kundi linatoka na kipande chake.

Kuna pingamizi la pili ambalo halisemwi sana, nami naliona zito kuliko la kwanza: riwaya husimamisha wakati. Anthony Johnson aliletwa Virginia mwaka 1621 akiwa mateka kutoka Afrika. Kufikia 1651 alikuwa huru na ana ekari 250 za ardhi. Mwaka 1705 koloni lile lile lilikusanya sheria zake za utumwa pamoja, na maisha kama ya Johnson yakawa karibu hayawezekani. Safari hiyo ya miaka 80 na ushei ndiyo kiini cha karne yenyewe. Kitabu kinachokaa na msichana mmoja kwa mwaka mmoja hakiwezi kuionyesha. Hapa mwalimu wa ubaoni yuko sahihi kabisa, na sioni klabu yoyote ya vitabu itakayoziba nafasi yake.

Ila hoja ya muda inachukulia kwamba dakika zilizookolewa kwenye riwaya zikirudishwa kwenye kitabu cha kiada zitazaa maarifa. Tathmini ya taifa ya Marekani, NAEP, ilipopima historia ya nchi kwa wanafunzi wa darasa la nane mwaka 2022, asilimia 13 tu walifikia kiwango cha umahiri. Kiwango hicho kiko juu, hakilingani na alama ya kufaulu ya kawaida, kwa hiyo tusiwakatie watoto tamaa kwa sababu yake. Lakini asilimia 40 hawakufikia hata kiwango cha msingi. Haya ndiyo mavuno ya mfumo ambao miaka na majina vimekuwa na nafasi ya kutosha.

Tathmini hiyo hiyo ina takwimu nyingine inayonisumbua zaidi. Mwaka 2012, asilimia 27 ya watoto wa miaka 13 walisema wanasoma kwa kujifurahisha karibu kila siku. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 14. Umri huo ndio hasa umri wa kufundishwa makoloni. Katika darasa la watoto 30, walikuwa wanane, sasa ni wanne. Wale 26 waliobaki, shule isipowapa kitabu kizima mkononi na muda wa kukimaliza, nani atawapa? Historia ya makoloni imo katika maandishi marefu na magumu: barua za walowezi, mashauri ya mahakama, wosia, Kiingereza cha karne ya 17 chenye sentensi zisizoisha. Mtoto ambaye hajawahi kuvumilia kurasa 200 za hadithi ya kuvutia hatavumilia kurasa mbili za hati hizo. Uvumilivu huo haufundishwi na aya fupi zilizozungukwa na picha na maswali ya kujaza nafasi. Unafundishwa na kusoma, na kwa umri huu unafundishwa zaidi na kusoma pamoja na wenzako, kwa kuwa Alhamisi kuna watu watatu wanaotaka kujua umeonaje sura ya tano. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba kupungua kwa usomaji ndiko kulikoangusha historia. Hata hivyo, anayeita klabu ya vitabu upotezaji wa muda atuambie ni lini na wapi mtoto huyu atajifunza kusoma kitu kirefu.

Kisha tazama kinachoweza kutokea kundi likiwa na kitabu kizuri. Vitabu vingi vya watoto humtaja Tisquantum, mwenyeji wa Amerika wa kabila la Wampanoag, kwa sentensi moja: aliwafundisha walowezi Waingereza wa Plymouth kupanda mahindi. Mtoto anaandika, anafunga daftari. Watoto wanne waliokaa na hadithi yake kwa wiki mbili watauliza swali ambalo sentensi ile inalificha: alijifunzia wapi Kiingereza? Jibu ni kwamba nahodha wa Kiingereza, Thomas Hunt, alimteka mwaka 1614 na kumpeleka kuuzwa Málaga, Hispania. Akafika Uingereza, akarudi kwao mwaka 1619, akakuta kijiji chake cha Patuxet kimefutwa na maradhi. Plymouth ilijengwa juu ya kijiji hicho. Kutoka hapo hakuna mtoto atakayedhani kwamba walowezi wa 1620 waliikuta nchi tupu.

Au chukua mwaka 1619. Kila kitabu cha kiada kinasema Waafrika ishirini na kitu walifikishwa Virginia. Orodha ya wakazi ya 1625 inamtaja mmoja wa walioletwa siku zile, mwanamke aliyeandikwa Angelo, ambaye leo anajulikana kama Angela, katika nyumba ya Kapteni William Pierce, Jamestown. Aliletwa na meli ya Treasurer, mojawapo ya meli mbili zilizopora mateka kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wanahistoria wanaona kwamba wengi wa mateka hao walikuwa watu wa Ndongo, ufalme uliokuwa katika Angola ya leo, wasemaji wa Kimbundu, lugha ya Kibantu. Mtoto wa Kikongo aliye katika kundi lile ana sababu ya kuinua kichwa na kusema neno, pengine kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya watetezi wa klabu hizi. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akishachagua kitabu na kugawiwa jukumu lake, huyu wa kuuliza maswali, yule wa kutafuta maneno magumu, kazi imekwisha. Haijaisha. The Witch of Blackbird Pond, riwaya ya Elizabeth George Speare ya mwaka 1958 iliyo kwenye rafu nyingi za shule, inaanza na msichana anayehama Barbados kwenda Connecticut mwaka 1687, na nauli yake ilitokana na kumuuza mtumwa wake wa kike. Jambo hilo linapita upesi, hadithi inaendelea na mashaka ya msichana mwenyewe. Kundi lisiloongozwa litampenda msichana na kumsahau aliyeuzwa. Mwalimu akiweka mezani siku hiyo sheria ya Virginia ya 1662, iliyoamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, huru au mtumwa, na kando yake habari za Elizabeth Key, binti wa mama mtumwa huko Virginia, ambaye miaka sita tu kabla yake alishinda uhuru mahakamani akitumia hoja kwamba baba yake alikuwa Mwingereza, mjadala unageuka. Watoto wa miaka 13 wanajua haraka sana sheria imetungwa kumzuia nani.

Kwa hiyo mpangilio una maana: kwanza mwalimu aweke uti wa mgongo wa miaka, kisha vitabu, na hati ziingie katikati ya vitabu, zisiachwe za mwisho. Wiki tatu zinatosha kwa hilo, na mtihani wa jimbo hauumii.

Zipo changamoto mbili zisizotatuliwa na mpangilio. Tangu 2021 majimbo kadhaa, Texas likiwemo, yamepitisha sheria zinazobana namna walimu wanavyozungumzia ubaguzi wa rangi na historia yake, na mwalimu mwenye hofu huchagua kitabu kisichomletea barua kutoka kwa wazazi. Ya pili inawagusa watoto wetu moja kwa moja. Aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akapewa riwaya yenye Kiingereza cha zamani, bila kitabu cha sauti wala mwenzake wa kumsaidia, atakaa kimya kwenye kundi huku mwenye maneno mengi akimaliza mjadala. Mzazi anayetaka kwenda shuleni aende na maswali haya: mtoto wangu yuko na nani, nakala ya kusikiliza ipo, ni vitabu gani vingine vilikuwa kwenye orodha, na ni katika kipi kati ya hivyo Wampanoag au Waafrika wanazungumza wenyewe.