Kusini Tulikuwa na Reli

Juzi nimesikia tena, safari hii redioni, mtu mzima akisema kwamba reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikijengwa itakuwa ya kwanza kufika Kusini. Hakuna aliyemsahihisha. Nimekasirika, na hasira haijanitoka. Reli tulikuwa nayo, ya kwenda Nachingwea, mkoani Lindi. Ilijengwa, ikabeba watu na mizigo, ikang'olewa, na wapo wazee walioipanda ambao wangali hai.

Kinachotuponza ni karanga. Kila anayeitaja reli hiyo huanza na mpango wa karanga wa 1947: Waingereza walivyokosa mafuta ya kupikia baada ya vita, matrekta yalivyokufa Kongwa, pauni milioni 36 zilivyoteketea, mpango ulivyofutwa 1951. Reli ya Nachingwea, iliyoanza kujengwa ili kubeba karanga hizo, inatupiwa sentensi moja mwishoni, kana kwamba ilizikwa siku moja na karanga.

Haikuzikwa. Treni za mwanzo zilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilikamilika 1954, na ndiyo ikawa mwanzo wa njia. Hebu tazameni mwaka huo: mpango ulishafutwa miaka mitatu nyuma. Tawi la kwenda Masasi nalo lilikuja baada ya mpango kufa. Tawi hilo halikuwekwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota. Lilifuata watu na mazao yao, na hiyo ndiyo sehemu ya historia isiyosimuliwa.

Ukitaka kuifuatilia njia yenyewe, tazama ardhi. Njia ya miguu hukipanda kilima bila wasiwasi; treni haiwezi, kwa hiyo tuta la reli huzunguka taratibu, na likikosa pa kuzungukia, kilima hukatwa. Ukikuta porini tuta refu, pana kiasi cha behewa, lenye kona ndefu ambazo hakuna mkulima angezipinda hivyo, hapo treni ilipita. Mzee mmoja alinionyesha kipande cha tuta kilichoota mikorosho juu yake. Alikuwa akilipiga kwa fimbo: "Hapa palikuwa na mataruma. Hapa. Watoto hawaniamini." Nilikosa la kumjibu.

Nakubali, ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara. Nakubali pia kwamba haikuunganishwa kamwe na Reli ya Kati, na reli iliyojitenga hivyo ni mzigo kwa yeyote anayeiendesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahasibu wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki walikuwa na hesabu zao, na kwa mwaka ule huenda zilikuwa sahihi. Lakini kuisimamisha treni ni jambo moja, na kung'oa vyuma ni jingine. Njia iliyosimama unaweza kuifufua. Iliyong'olewa unaanza na kufyeka msitu.

Na hawakuhitaji kusubiri sana. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Muongo mmoja tu baada ya kung'oa! Mzigo uliokosekana enzi za karanga ulikuja wenyewe, kutoka mashamba ya wakulima wadogo, ukakuta hakuna reli. Tangu hapo ni malori, na kila msimu wa korosho tunalalamikia barabara zilezile. Hata FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipofungua kambi yao Nachingwea 1965, treni haikuwepo tena.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 akifanya kibarua relini mwaka 1960 sasa amepita 80. Kabla wapimaji wa reli mpya hawajashusha vifaa vyao, mikoa yetu iwatafute wazee hawa, iwarekodi, na ichore ramani ya tuta lote kuanzia Mkwaya, pamoja na tawi la Masasi. Na wewe ambaye babu yako aliacha picha, tiketi au karatasi ya mshahara ya reli ile, usiichome. Ipeleke Nyaraka za Taifa, wakupe stakabadhi.