Begi Lilipe Nauli

Saa kumi na moja na robo alfajiri, simu inaita. Kwa umri wangu simu ya saa hiyo ni msiba. Nikaipapasa chini ya mto, moyo ukiwa umeshatangulia kijijini. Kumbe bosi! Katuma picha kwenye kundi la kazini, yuko sakafuni kalalia viwiko, mwili umenyooka, na chini kaandika: "Planki dakika tatu. Nani ananifuata?" Watu wakaanza kutuma vidole gumba. Saa hiyo! Umeme wenyewe umerudi usiku wa manane, mtu ndiyo kwanza anaonja usingizi wa feni, anaambiwa akalalie viwiko.

Chanzo ni mlima. Ofisi yetu mwaka huu imeona semina ya Bagamoyo haitoshi, eti twende Kilimanjaro. Tunapita Marangu, maana huko kuna vibanda vya kulala: Mandara, Horombo, Kibo. Waliokwenda wanasema ndiyo njia nyepesi. Nyepesi! Pale Kibo unaamshwa usiku mkubwa, baridi inakata masikio, unapanda changarawe mpaka Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, mita 5,685, ukitaka kukaa unaambiwa bado, kilele kiko 5,895. Mimi nakaa Gongo la Mboto. Mwinuko mkubwa ninaoujua ni daraja la juu pale Tazara, nalo nalipanda nimekaa, nikibahatika siti.

Nikajitetea kistaarabu. Nikasema mimi mtu mzima, kitambi hiki nimekijenga kwa miaka, kamati za harusi zinakijua na zinakiheshimu. Bosi akaniletea habari za Luteni Nyirenda, kwamba usiku wa uhuru mwaka 1961 alipandisha mwenge na bendera mpaka kileleni. Nikamwambia Nyirenda alikuwa mwanajeshi, mimi niko stoo. Akasema, "Uzalendo." Ukishatajiwa uzalendo, unaomba tu ratiba.

Tukaletewa kocha, kijana ambaye shingo na mabega yake havina mpaka. Anasema mlima haupandwi kwa miguu peke yake, unapandwa kwa tumbo, kiuno na mgongo. Ukibeba begi, kila hatua linakuvuta huku na huku. Hapo katikati pakiwa legelege, magoti na mgongo ndivyo vinavyolipa deni. Tena mkanda wa begi ukazwe kwenye nyonga, uzito ukae hapo, mabega yapumzike. Akaja kunionyesha kwa vitendo. Akazitafuta nyonga zangu pa kuukazia ule mkanda. Akazitafuta kwa muda. Mwishowe akasema, "Mzee, tutaukaza kwa makadirio."

Planki yenyewe sitaki kuizungumzia. Kaza tumbo, kaza makalio, usishushe kiuno, usibane pumzi. Nimekaza vyote, natetemeka kama friji la mtumba, na dada wa mapokezi hapo pembeni yuko kwenye planki hiyohiyo anapokea simu ya mteja.

Kazi ya nyumbani ndiyo iliyoniua. Kocha kasema begi livaliwe kila siku, uzito uongezwe kidogo kidogo. Tena lijazwe maji, kwa sababu ukishapanda kilima unayamwaga, unashuka mtupu, magoti yanapona. Sasa mimi maji ya kununua kwa dumu nikayamwage kilimani! Basi. Chupa mbili za lita tano, na sembe kilo mbili niliyotumwa na mama watoto tangu jana yake, nikaona nibebe vyote. Nikatoka nimekaza tumbo, kifua mbele, mpaka kituoni.

Daladala ikaja imejaa tayari, kama kawaida yake. Nikaingia. Yaani mimi niliingia, begi likabaki mlangoni.

"Mzee, hilo begi lilipe nauli," konda akasema.

"Kijana, hili si mzigo. Ni zoezi."

"Zoezi la nini?"

"La mlima."

"Mlima gani? Sisi tunaishia Kariakoo."

Gari zima likageuka. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya samaki akanitazama kuanzia begi mpaka viatu, akashusha sauti, ile sauti ya kushushwa ambayo mpaka dereva anaisikia: "Baba, umefukuzwa nyumbani?"

Nikasema hapana, mama, nafanya mazoezi. Akamgeukia jirani yake: "Kafukuzwa." Kufika Mombasa, ile ya Ukonga, kesi ilikuwa imeshafunguliwa. Kuna aliyesema wanawake wa siku hizi hawana subira. Kuna dada akamjibu kwamba haiwezekani mwanaume atoke na begi kubwa hivyo bila kisa, tuulize upande wa pili. Mzee mmoja mwenye kanzu akanishika mkono: "Mwanangu, ndoa ni uvumilivu. Nipe namba yake nizungumze naye." Nikaapa mke wangu yuko nyumbani, tunapendana, hata chai kanipikia. Mzee akatikisa kichwa. "Wote husema hivyo wiki ya kwanza."

Heshima ikanipanda kichwani. Nikafungua zipu nimalize ubishi. Tazameni! Maji! Unga!

Kimya. Halafu mama wa samaki: "Masikini, kampa na unga wa kuanzia maisha."

Wakati huo dereva akafunga breki ghafla pale Banana. Sijui ni mfuniko gani uliolegea, ninachojua ni kwamba maji na sembe vilikutana humo ndani na vikatafuta njia ya kutokea, na njia ilikuwa shingo ya mwanafunzi aliyekaa chini yangu, shati jeupe, siku ya mtihani. Kelele! Konda naye, muda wote huo, ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja, noti zimekunjwa vidoleni, mguu mmoja ndani na mwingine hewani, gari linakata kona, kiuno chake hakijatikisika hata chembe. Anadai: "Begi limelipa? Begi lilipe!" Nikalilipia. Nauli nzima, ya mtu mzima. Hata ya mwanafunzi walikataa.

Kazini nikamuuliza kocha: kule mlimani si kuna wapagazi? Akasema wapo, na mpagazi ana kikomo, kilo 20. Basi mimi nabeba nini? "Maji, koti la mvua, vitu vya kutafuna." Sasa hizi kilo kumi na mbili za nini? "Akiba, mzee." Akiba! Benki sina akiba, nyumbani sina akiba, nikaiweke mgongoni?

Kuna jingine alilitoa taratibu, kama mtu anayetoa majibu ya hospitali. Eti ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli. Kule juu hewa ya kuvuta ni kama nusu ya hii yetu ya pwani, na mtu mwenye tumbo la vipande sita anaweza kushushwa anatapika, mwenye kitambi akapita. Dawa ni kwenda pole pole, kunywa maji, na kuupa mwili siku za kuzoea. Sasa kwenda pole pole si ndiyo maisha yangu? Mimi nimekwenda pole pole tangu shule ya msingi, walimu wakaandika kwenye ripoti!

Na bado kushuka. Anasema kushuka ndiko kunakotesa mapaja, maana paja linafanya kazi ya breki, linakaza huku linavutwa, maumivu yake yanakuja kesho yake na keshokutwa. Kwa hiyo tufanye skwati, tena tushuke taratibu. Choo changu ni cha kuchuchumaa. Mimi skwati nafanya bure kila asubuhi.

Jumamosi nikaenda Karume kutafuta viatu, maana kocha kasema vinunuliwe mapema, vizoee mguu. Nikapata jozi safi, soli nene, ila kulia namba 43, kushoto 42. Muuzaji ananiambia, "Bosi, hakuna binadamu mwenye miguu sawa." Nikamwambia hiyo kweli, ila tofauti yangu iko upande wa pili, nipe kulia 42, kushoto 43. Akasema yupo mwenzake Mbagala anayo, niache hela ya kumfuatilia. Nimeacha. Tangu hapo simu yake haipatikani, na mkewe, ambaye ndiye anayepokea ya pili, ananiuliza mimi ni nani na kwa nini namtafuta mume wake usiku.