Chai ya Tangawizi Mwambani

Ukikaa ufukweni Paje, Unguja, wakati wa kusi, mawimbi makubwa huyaoni. Unaona mstari mweupe kule mbali, kama mtu kamwaga unga, na ngurumo. Mwamba uko zaidi ya kilomita moja kutoka mchangani, na wimbi linavunjikia huko huko. Linatoka bahari kuu, linakuta kina kimepungua ghafla, miguu inashikwa chini, kichwa kinaendelea na safari. Wimbi la mita mbili hupinduka kina kikiwa kama mita mbili na nusu. Haya nayajua. Ndiyo maana nilimwambia shemeji yangu, mgeni kutoka Dodoma, kwamba kuwatazama vijana wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara kubwa, kutoka ufukweni ni sawa na kutazama harusi kutoka barabarani.

Mwezi ulikuwa kumi na sita, bamvua. Siku kama hizo maji yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi, hujaa saa kumi jioni, na tofauti yake hukaribia mita nne. Tukatoka saa tatu na nusu, viatu vya raba miguuni kwa ajili ya miba ya nungu wa baharini, chupa ya chai kwapani. Maji yalikuwa ya kifundo. Tukapita mashamba ya mwani, tukapanda fungu la mchanga karibu na mwamba, tukakaa kitako.

Hakukuwa na mtu hata mmoja. Maji yakipwa hivyo mwamba hutoka nje, na anayepanda wimbi hapo hushukia juu ya matumbawe. Vijana husubiri maji yarudi. Nasi tukasubiri, huku namsomesha shemeji habari za Nazaré, Ureno, ambako bonde refu chini ya bahari hulielekeza wimbi la majira ya baridi moja kwa moja hadi pwani, na mwaka 2020 Sebastian Steudtner akateleza juu ya wimbi lililopimwa mita 26.21.

“Hiyo si ghorofa nane?” shemeji akauliza.

“Na ushei,” nikasema, kana kwamba nimejenga mimi.

Saa tano wakapita akina mama wa pweza. “Haya baba, sie twatoka.”

“Karibuni,” nikawajibu, nikawanyanyulia kikombe.

Kisha kaiti zikaja, tatu, na hapo nilisahau jina langu. Anayejua kazi, akishapata wimbi, kaiti huiacha ielee tu juu, yeye anateleza kwa nguvu ya maji. Kosa ni kuikimbilia kaiti: kamba za mita ishirini na kitu zinalegea, kaiti inadondoka, na wimbi linalofuata linaikunja kama chapati. Mmoja ikamtokea hivyo hivyo. Tukampigia makofi.

Mwengine akatupita karibu, akapiga kelele: “Mzee, nyuma! Nyuma!”

“Anataka tusogee,” nikamfafanulia shemeji. “Zile kamba zinakata.” Tukarudi nyuma hatua mbili. Hatua ya pili ilikuwa ya goti.

Maji hayaji kutoka mbele, jamani. Yanaingia kwenye mlango wa mwamba, yanazunguka, yanajaza kwanza bondeni, baina yako na nyumba yako. Wewe umekaa pakavu unasifu. Na hayajai kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanapanda kama sentimita thelathini, ya pili sitini na kitu, ya tatu mita nzima. Ilikuwa saa sita na robo. Yale ya kifundo tuliyopita asubuhi yalikuwa yanaelekea kifuani, na shemeji haogelei.

Nikaokoa cha kuokoa. Simu yangu ya kitochi nikaitumbukiza ndani ya chupa ya chai, nikafunga mfuniko kwa nguvu zote, nikaiinua juu ya kichwa.

Tulikuwa katikati tuliposikia sauti. “Nyie! Msinikanyagie mwani wangu!” Mama mmoja alikuwa akipakia magunia ya mwisho kwenye ngarawa. Tukazunguka shamba lake, maji yanatupiga kidevuni, tukiomba radhi. Akatutazama, akatazama chupa. “Mgeni apande. Wewe sukuma.”

Shemeji akaingia pwani amekaa juu ya magunia ya mwani kama bwana harusi. Alipomaliza kumshukuru mama akanigeukia: “Shemeji, chai nilikubakizia nusu. Niliona hujanywa vizuri.”

Darajani, fundi alifungua kitochi, akanusa.

“Maji ya bahari?”

“Hapana.”

Akanusa tena. “Tangawizi mumetia nyingi.”