Ukisikia muuguzi anamwita mgonjwa kwa namba ya kitanda

Muuguzi ambaye mwaka jana alikuwa akikabidhi zamu kwa kusema, "Mama Rehema hakulala, mshono unamuuma, mwanawe atakuja saa nne," leo anasema, "Kitanda cha sita, mshono," kisha anachukua mkoba wake na kuondoka. Hajawa mtu mbaya, wala kazi hajaisahau. Ana uchovu ambao kulala siku nzima hakuuondoi, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuutambua. Sisi tunaopokea zamu ndio tunaousikia kwanza.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliieleza hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na inaonekana kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba huna tena unachokifanya kikafaa. Hicho kitanda cha sita ni jambo la pili kati ya hayo. Naukubali sana ufafanuzi huu kwa sababu unataja chanzo kilipo: kazini.

Ndiyo maana semina zetu za msongo wa mawazo zinanisikitisha. Tunaitwa ukumbini, tunapewa soda na sambusa, mtoa mada anatuhimiza tunywe maji, tufanye mazoezi, tupange muda wetu vizuri. Ni ushauri mzuri. Lakini jioni ile ile msikilizaji anaingia zamu ya usiku peke yake, wodi imejaa, wagonjwa wengine wamelala chini. Muda gani aupange?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania Bara, inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mtu apate saa 12 za kupumzika kabla ya kurudi kazini, na likizo ya mwaka isipungue siku 28. Sasa tazama zinavyokwenda siku zetu. Zamu ya usiku inaisha asubuhi, anayepokea hajafika kwa sababu mtoto wake anaumwa, unabaki hadi mchana. Unaomba likizo, unaambiwa subiri mwenzako arudi. Ukiipata, upo kijijini kwa wazazi, simu inaita: "Sista, ufunguo wa kabati la dawa uliuacha wapi?" Mwaka 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Kumwacha mtu apumzike ni kumlinda na maradhi.

Tunaambiwa uuguzi ni wito. Naamini hivyo kwa moyo wote. Linaloniuma ni wito kutumika kumnyamazisha mtu anayesema amezidiwa.

Mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia hali hii ni inchaji wa wodi, kwa sababu ndiye anayepanga zamu na ndiye anayetuona kila siku. Akiuliza, "Upo sawa?" atajibiwa, "Nipo sawa, dada," na mazungumzo yameishia hapo. Aulize kitu chenye jibu: "Jana baada ya zamu ulilala saa ngapi?" "Wiki hii nikuondolee kazi gani?" Kisha aiondoe kweli, hata kama ni kuandika ripoti ya mwezi tu. Na mtoto akifariki wodini, waliomhudumia wakae pamoja dakika chache kabla ya kurudi kwa wagonjwa wengine. Nimeona watu wakifunga mwili wa mtoto na dakika hiyo hiyo kwenda kutundika dripu kitanda cha pili, kimya. Kimya kile hakiishii wodini, wanakwenda nacho nyumbani.

Wewe mwenyewe jiangalie hivi: ukirudi kutoka mapumziko unajisikiaje? Kama nguvu zimerudi, ulikuwa umechoka tu. Kama moyo unakuwa mzito tangu jioni ya kuamkia zamu, unawakaripia ndugu wa wagonjwa, unarudia mara tatu kusoma dozi uliyoizoea, mwambie mtu mapema. Na kama huzuni imekufuata hadi nyumbani, hata watoto na chakula havikufurahishi, hilo usiliite uchovu wa kazi. Nenda kamwone daktari.

Kwa mamatroni nina ombi moja. Ratiba ya likizo ya mwaka mzima ibandikwe ukutani kuanzia Januari, na jina la atakayeshika nafasi liandikwe kando ya jina la anayeondoka. Naye anayeondoka akabidhi funguo zote siku ile ya mwisho, ili simu yake isiite.