Saa Iliyomtangulia Bwana Harusi

Macho ya bibi yangu yameshachoka, na umeme ukikatika usiku swali lake ni moja tu: "Saa ngapi?" Atauliza saa nane, atauliza saa tisa, na anayeamshwa ni mimi. Ndiyo maana niliiona ile saa ya mfukoni katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe nikanasa. Fedha yake imepauka, kioo kimechubuka, lakini mwenye duka alisukuma kijiulimi cha ubavuni na saa ikasema yenyewe: masaa kwa mlio mzito, kisha robo kwa milio miwili miwili, ting-tong. Tukavutana bei mpaka nikaona nimemshinda. Naye alitabasamu kama aliyeona hivyo hivyo.

Bibi hakuridhika mara moja. "Mbona imegonga saba, na sasa hivi ni saa moja?" Nikazungusha akrabu saa sita mbele, ikawa saa ya Kiswahili. Binamu yangu, ambaye hakuna kitu asichojua kukitengeneza, akaifungua akaimiminia mafuta ya cherehani. Tangu hapo ikawa inagonga polepole, pigo moja, inapumzika, pigo jingine. Bibi akafurahi kupita kiasi, maana aliweza kuhesabu kwa vidole bila kukimbizwa.

Ikaja ndoa ya mtoto wa shangazi, msikitini, baada ya Alasiri. Nikavaa kanzu, kizibao cheusi juu, saa mfukoni na mkufu wake nje uonekane. Bila mkufu kuonekana, ya nini?

Khutba ikaisha. Walii akamshika mkono bwana harusi, akatamka maneno ya kumuozesha, msikiti mzima ukanyamaza kusubiri "nimekubali". Kijana koo limemkauka. Mimi nikainama kidogo nimwone vizuri, tumbo likabana kizibao, kizibao kikabana kijiulimi.

Ngoo.

Saa ya aina hii ukishaisukuma umeijaza springi yake, haisimami mpaka imalize. Nikaifunika kwa viganja. Ngoo. Nikaikalia. Ngoo, sasa inatokea chini ya mkeka. Mwaka 1687 Mfalme James II wa Uingereza aliletewa saa mbili za namna hii azipime. Ya mbunifu Edward Barlow ilitaka kusukumwa mara mbili, kwanza masaa, kisha robo. Ya fundi saa Daniel Quare ilitosha kubonyezwa mara moja. Mfalme akaichagua ya Quare. Laiti angemchagua Barlow, kizibao changu kisingeweza kazi ile peke yake!

Na ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Ningeiacha kwa saa ya Kizungu ingegonga nne, ikaongeza robo zake tatu, basi. Kwa saa ya Bibi iligonga kumi, halafu ting-tong mara tatu. Jumla mapigo kumi na sita, kwa mwendo wa mafuta ya cherehani. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akihesabu kwa tasbihi. Ilipofika ya kumi na sita akageuka: "Hiyo ni saa ya nchi gani?"

Shehe alisubiri mpaka kimya kikarudi. Akasema, "Saa nimeisikia. Bwana harusi bado."

Kijana akacheka, koo likafunguka, akakubali. Shangazi anasema saa ndiyo iliyomsaidia. Mjomba hasemi chochote, ila alinisogezea halua kutoka mbali.

Wiki ile ile nikaipeleka kwa fundi wa saa. Akabana lenzi jichoni, akaifungua, akaguna. "Nani kaifanya kikaango?" Mafuta yalikuwa yamenata mpaka kwenye magurudumu madogo yanayopima kasi ya mlio. Akaichambua kipande kwa kipande, akaosha kila jino kwa brashi na petroli, kisha akarudisha mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, tone ambalo mimi sikuliona. Bei yake niliiona.

Usiku ule umeme ukakatika. Alfajiri, bado giza, Bibi akasukuma kijiulimi, saa kumi na mbili kasorobo ikapita mbio, kumi na moja na robo zote, kabla hajakunja kidole cha nne.

"Inakimbilia wapi hii?" akauliza gizani. "Kesho nipelekee kwa binamu yako airudishie mafuta yake."