Nordiques kuhama Quebec: pesa ziligoma au wenye timu walikata tamaa mapema?

Kila ikitajwa timu ya hoki ya barafu ya Quebec Nordiques, ya mji wa Quebec City huko Kanada, ubishi unakuwa uleule, je timu ilikuwa haina budi kuhama au iliuzwa kwa haraka? Mei 1995 kampuni ya Marekani iitwayo COMSAT iliinunua kwa dola milioni 75, ikaipeleka Denver, ikaitwa Colorado Avalanche, na Juni 1996 hiyohiyo timu ikabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi ya NHL. Yaani msimu wa kwanza tu huko ugenini! Mashabiki wa Quebec City walilima miaka yote ile, wenzao wakaja kuvuna.

Nianze na upande wa wanaosema haikuwa na jinsi, maana hoja zao ni nzito. Quebec City ulikuwa kati ya miji midogo kabisa kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, mishahara ya wachezaji ilikuwa inalipwa kwa dola ya Marekani wakati tiketi zinauzwa kwa dola ya Kanada, na kipindi hicho dola ya Kanada ilikuwa inapata senti 70 na ushee tu za Marekani, kwa hiyo kabla hata hujasajili mtu ushaumia. Uwanja wao wa Colisée ulikuwa wa tangu 1949, unaingiza watu kama 15,000, na vile vyumba vya kifahari ambavyo makampuni yanakodi kwa pesa ndefu havikutosha. Rais wa timu, Marcel Aubut, aliomba serikali ya Quebec imuokoe, msaada alioutaka akaukosa, na kwa kweli siwalaumu sana wananchi, nani anataka kodi yake ilipe mishahara ya mamilioni?

Tena haikuwa Quebec peke yake. Mwaka 1979 ligi ya WHA, iliyokuwa ikishindana na NHL, ilipokufa timu 4 zilihamia NHL: Edmonton, Winnipeg, Hartford na Quebec. Winnipeg ikapelekwa Phoenix 1996, Hartford ikapelekwa Carolina 1997, akabaki Edmonton tu. Ukiona timu 3 kati ya 4 zinahama ndani ya miaka mitatu, basi ishu ni mfumo wa ligi.

Ila hapo hapo ndipo mimi naanza kutofautiana nao. Kama tatizo ni mfumo, mfumo unarekebishika. Msimu wa 1994-95 ulicheleweshwa kwa sababu wenye timu waliwafungia wachezaji nje wakidai mambo ya kudhibiti mishahara, ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote, hawakuupata mpaka 2005. Miaka kumi ni mingi, nakubali, lakini tusiseme mji haukuwa na watu wa hoki.

Na timu yenyewe haikuwa timu ya kuuza. Watu wanakumbuka msimu wa 1989-90, walishinda mechi 12 kati ya 80, aibu tupu, wanasahau kwamba kuboronga kwa miaka ile ndiko kulikowapa nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya wa ligi miaka mitatu mfululizo, Mats Sundin, Owen Nolan, halafu 1991 Eric Lindros. Lindros akagoma katakata kuchezea Quebec. Alikaa msimu mzima bila kuwachezea, na Juni 1992 Aubut akajikuta amemuuza kwa Philadelphia na kwa New York Rangers kwa wakati mmoja mpaka ikabidi msuluhishi aamue, akawapa Philadelphia. Quebec wakapata wachezaji kibao, chaguzi za vijana na dola milioni 15 juu, na ndani ya mzigo huo alikuwemo kijana wa Kiswidi, Peter Forsberg. Mweke pembeni ya Joe Sakic, nyota aliyekuwepo tayari. Msimu wa mwisho, 1995, wakaongoza kanda ya mashariki, wakatolewa na Rangers raundi ya kwanza, na hiyo ndiyo ikawa basi tena.

Aubut huyuhuyu ndiye aliyesafiri mwenyewe 1980 hadi Innsbruck kuwatorosha Peter na Anton Stastny kutoka klabu ya Slovan Bratislava ya Czechoslovakia, Peter akapiga pointi 109 (magoli na pasi za magoli) msimu wake wa kwanza. Mtu aliyethubutu vile, kumuona anauza timu ikiwa imeiva inauma sana.

Lakini nisiwadanganye, wale wanaosema kombe la 1996 lingekuwa la Quebec nao wanazidisha. Kipa aliyewabeba Denver ni Patrick Roy, alitoka Montreal Canadiens Desemba 1995, na kwa uhasama uliokuwepo kati ya Montreal na Quebec sioni Canadiens wakiwapa majirani kipa kama yule.

Leo mji una Centre Vidéotron, uwanja wa watu 18,000 na zaidi kidogo uliofunguliwa 2015 kwa pesa za umma. Winnipeg walirudishiwa timu 2011, Las Vegas wakapewa 2016 huku ombi la Quebec likiwekwa pembeni, Seattle wakapewa 2018. Hoja ya uwanja imekwisha, hoja ya mishahara imepunguzwa na ukomo, zimebaki mbili tu, ukubwa wa mji na dola ya Kanada, na kama NHL wanaona hizo mbili zinatosha kuwanyima basi wawaambie watu wa Quebec hivyo waziwazi, maana wameshasubiri tangu 1995.